Spitz na rekodi zao: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kuwasikiliza Spitz ndani ya Vitz ya mtumba iliyofika Dar es Salaam na redio yake ya Kijapani. Redio hizo mnazijua: FM inaanzia 76 na kuishia 90, stesheni zetu nyingi hazishiki, na kila ukiwasha gari yule dada anakwambia kwa lugha yake kwamba hujaingiza kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za huko. Kilichobaki ni CD, na ndani ya mashine ilikuwamo moja, imesahauliwa na mwenye gari wa kwanza. Tangu siku hiyo nimezisaka rekodi zao zote, na kila ninapomsikilizisha mtu wimbo wao naulizwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili nami nipumzike.

Spitz ni akina nani?

Ni bendi ya Wajapani wanne. Masamune Kusano anaimba na kupiga gitaa, Tetsuya Miwa ndiye mpiga solo, Akihiro Tamura anapiga besi, na Tatsuo Sakiyama yuko kwenye dramu. Walianza Tokyo mwaka 1987 wakiwa wanafunzi: Kusano na Tamura walisoma chuo cha sanaa cha Tokyo Zokei, Miwa na Sakiyama chuo cha mitindo cha Bunka. Miwa na Tamura wamekua pamoja katika mji wa Fujieda, mkoa wa Shizuoka. Kusano ni mtu wa Fukuoka, huko kusini-magharibi.

Mpaka leo ni walewale wanne. Hajatoka mtu, hajaingia mtu. Kwa sisi tuliozoea mpiga solo kuhamia kwa wapinzani kabla albamu ya pili haijatoka, hilo peke yake ni la kushangaza. Karibu nyimbo zote anatunga Kusano, maneno na sauti.

Jina lao lina maana gani?

Ni neno la Kijerumani, maana yake kitu chenye ncha, kilichochongoka. Ndilo pia jina la aina ya mbwa mwenye mdomo mwembamba. Lishike hilo la ncha, maana litarudi mara nyingi hapa chini. Ukiwasikia redioni mara moja tu utasema hawa ni watu wa asali na maua. Ukikaa nao albamu tatu utaanza kuchomwa.

Na wenyewe wanajua. Kwenye rekodi yao ya kwanza kabisa, ya mwaka 1990, kuna wimbo Togetoge no Ki, yaani mti wa miiba. Miaka 20 baadaye wakatoa albamu Togemaru: toge ni mwiba, maru ni duara. Kitu cha mviringo chenye miiba, kama kalunguyeye aliyejikunja.

Mbona nikitafuta "Spitz" mtandaoni napata mbwa?

Au unampata Mark Spitz, muogeleaji wa Marekani aliyebeba dhahabu 7 Munich mwaka 1972. Nakili hili: スピッツ. Hivyo ndivyo linavyoandikwa kwao, na linatamkwa Supittsu. Wajapani hulichukua neno la kigeni wakalivalisha irabu, kama sisi tulivyofanya kwa kilabu na shati. Kwa nyimbo, anza na hizi: ロビンソン ni Robinson, チェリー ni Cherry, 楓 ni Kaede. Albamu zao zipo kwenye huduma kubwa za kusikiliza muziki, ila majina mengi yamebaki kwa maandishi ya Kijapani, ndiyo maana ukiandika kwa herufi zetu wakati mwingine hupati kitu.

Nianze na albamu gani?

Hachimitsu, ya Septemba 1995. Jina maana yake ni asali. Nyimbo 11, na hakuna hata mmoja wa kuruka.

Watu wengine watakuelekeza kwenye mkusanyiko wa singo. Siwapingi, lakini singo za Spitz zikipangwa mfululizo zinakuwa tamu mno, kama chai ya msibani. Kwenye Hachimitsu utamu umepimwa. Wimbo wa kwanza unaanza na mpigo ambao ukijaribu kuuhesabu nne nne utajikwaa, na hujakaa sawa Kusano ameshaanza kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati ya albamu kuna Tongari '95, wimbo wa gitaa chafu na kelele. Tongari ni ncha. Yaani wameliweka jina lao wenyewe, kwa Kijapani, katikati ya chupa ya asali.

Huu Robinson una nini hasa?

Uusikilize na earphone, sekunde thelathini za kwanza. Miwa yuko peke yake, anazidonoa nyuzi moja moja badala ya kupiga kodi nzima, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, na gitaa limetiwa mtetemo kidogo kama taa inayoonekana ndani ya maji. Kisha bendi inaingia. Kusano anaanza ubeti kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo dogo, hana haraka, halafu kiitikio kinafika na sauti inapanda mahali ambapo wanaume wengi hawafiki bila kupiga kelele. Yeye hapigi kelele, anafika tu. Ukirudia mara ya pili, achana na mwimbaji ufuate besi ya Tamura, hasa kuelekea mwisho. Haikai chini kushika nyumba, inazurura.

Ulitoka tarehe 5 Aprili 1995 ukiwa singo yao ya 11. Kwenye chati ya Oricon, ile Wajapani wanayoiamini, haukufika hata namba moja, uliishia namba 4. Lakini haukushuka. Uliendelea kununuliwa wiki baada ya wiki mpaka ukapita nakala milioni 1.6.

Jina? Kusano alikuwa ametembea Thailand akaona duka kubwa linaitwa Robinson. Akalitumia kama jina la muda wakati wimbo unatengenezwa, likabaki hapohapo. Neno lenyewe halimo kabisa kwenye mashairi. Kwa hiyo wale mnaoniandikia kutafsiri habari za Robinson Crusoe kisiwani, pole sana.

Kabla ya hapo walikuwa wapi? Singo kumi si chache.

Hapa ndipo ninapopapenda, na watu wengi wanaparuka.

Mwanzo kabisa walikuwa wakipiga muziki wa fujo kwa kuwaiga The Blue Hearts, bendi ya panki iliyokuwa imewateka vijana wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kusano akaona kwamba njia hiyo imeshafika mwisho, waliotangulia wameimaliza. Akashika gitaa lisilo la umeme, akaanza kutunga vitu vya ajabu ajabu vyenye wadudu, vidole, na watu wanaoruka. Mwaka 1990 wakatoa CD ya nyimbo sita kwa kampuni ndogo, Hibari no Kokoro, moyo wa kipozamataza. Machi 1991 wakaingia kampuni ya Polydor na wimbo huohuo ukawa singo yao ya kwanza, siku moja na albamu iliyobeba jina la bendi.

Albamu ya pili, Namae wo Tsukete Yaru, ilitoka mwaka uleule wa 1991, na maana yake ni "nitakupa jina". Kusano alikuwa akisikiliza Ride, vijana wa Oxford waliokuwa wakipiga magitaa kama ukungu, na mwenyewe akaita alichokuwa akikitafuta "Ride kayōkyoku": ukungu wa Ride juu ya nyimbo za zamani za Kijapani, zile za redio za wazazi wao. Ukiisikiliza ukijua hivyo unacheka, kwa sababu ndivyo ilivyo kabisa. Aprili 1992 wakaleta CD fupi ya nyimbo tano zenye okestra, ambayo jina lake refu linamaanisha "Kwa ajili ya watu walioshindwa kuwa aurora", aurora zile nuru za angani za nchi za baridi. Miezi michache baadaye wakatoa Hoshi no Kakera, kipande cha nyota, na hapo magitaa yakawa mazito tena.

Hakuna kilichouza. Mwaka 1993 wakaamua waziwazi kwamba sasa tunataka kuuza. Wakamchukua prodyuza Masanori Sasaji, aliyekuwa amefanya kazi na bendi za Unicorn na Princess Princess, wakatengeneza Crispy!, albamu yenye tarumbeta na tabasamu. Nayo haikuuza kama walivyotaka. Ndiyo albamu yao ninayoisikiliza kwa nadra kuliko zote. Unasikia watu waliovaa nguo za kuazima. Lakini Sasaji hawakumwacha, na mwaka uliofuata wakatoa Sora no Tobikata, namna ya kuruka angani, ambapo mzani umekaa sawa. Kutoka hapo hadi asali ni hatua moja.

Ni kweli kuna wimbo wao uliofika namba moja miaka miwili baada ya kutoka?

Kweli. Sora mo Toberu Hazu ulitoka Aprili 1994 ukapita kimya. Mwaka 1996 televisheni ya Fuji ikautumia kwenye tamthilia ya wanafunzi wa sekondari, Hakusen Nagashi, na wimbo wa zamani ukapanda mpaka kileleni. Mwaka huohuo, Aprili, ukatoka Cherry, nao ukapita milioni 1.6. Kwa muda huko Japani ulikuwa huwezi kununua maziwa dukani bila kumsikia Kusano.

Kwa nini mashabiki wanainunia albamu ya Recycle?

Kwa sababu bendi yenyewe haikuitaka.

Msimamo wa Spitz ulikuwa kwamba mkusanyiko wa nyimbo bora ni kitu cha bendi iliyovunjika. Maadamu wao wapo, hawatoi. Desemba 1999 kampuni ya rekodi ikautoa tu, tarehe 15, Recycle: Greatest Hits of Spitz, nyimbo 13. Ikapita nakala milioni 2. Fikiria hali hiyo: kitu chako kinachonunuliwa kwa fujo ni kile ulichokikataa.

Walinyamaza miaka sita. Mwaka 2006 ndipo wakatoa cha kwao, Cycle Hit, CD mbili zenye singo zote kwa mpangilio wa tarehe, moja ya 1991 hadi 1997, nyingine ya 1997 hadi 2005. Mwaka 2017 walipotimiza miaka 30 wakaongeza ya tatu na kuzitia zote kwenye boksi moja. Recycle ikaachwa kuchapishwa. Leo unaiona kwenye maduka ya mitumba ya Japani kwa bei ya karanga, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa nayo.

Na sasa nikiri. CD niliyoikuta kwenye gari ilikuwa hiyohiyo. Nimeambiwa na shabiki mmoja kwamba nimeingilia mlango wa jikoni. Sawa, lakini jikoni ndiko kwenye chakula.

Nini kilibadilika baada ya hapo?

Mwaka 1998 walikuwa wametoa Fake Fur, manyoya bandia, bila Sasaji. Humo ndimo ulimo Kaede, yaani mti wa mepo, wimbo wa kuagana ambao baadaye mwaka huo ulitolewa kama singo pamoja na Spica. Kinanda, sauti, na upole unaoumiza. Waimbaji wengi wa Japani wameurudia, na wengi wameuharibu kwa kulia. Kusano halii ndani yake, ndiyo maana unaumiza.

Halafu Julai 2000 ikaja Hayabusa. Hayabusa ni kozi, yule ndege mwindaji. Baada ya Recycle na baada ya miaka mingi ya kuitwa bendi laini, waliingia studio kama watu waliokasirika kwa adabu. Dramu za Sakiyama ziko mbele, magitaa yanakwaruza. Kuna wimbo humo umeandikwa kwa tarakimu tupu, 8823. Kwa Kijapani namba zina njia kadhaa za kusomwa, na hizo unaweza kuzisoma ha, ya, bu, sa. Vijana wetu wanaoandika "2takutana" wangeelewana nao vizuri.

Ukiniuliza ipi ninayoipenda kuliko zote, ni hii, si Hachimitsu. Ila usianze nayo.

Na za miaka ya karibuni?

Tangu Mikazuki Rock ya mwaka 2002 prodyuza wao ni Seiji Kameda, mpiga besi aliyefanya kazi na mwimbaji Sheena Ringo. Mikazuki ni mwezi mwandamo, hilali changa kabisa. Kuanzia hapo sauti ya rekodi imetulia: safi, kila chombo kina nafasi yake, na wao wanabadilisha vitu vidogo ndani ya nyumba ileile. Souvenir ilitoka mwaka 2005, Sazanami CD 2007 (sazanami ni viwimbi vya maji), kisha Togemaru 2010.

Chiisana Ikimono, viumbe vidogo, ya mwaka 2013, isikilize ukikumbuka tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Kusano aliugua kwa mshtuko baada ya msiba ule na maonyesho ya bendi yakaahirishwa. Albamu haisemi habari hizo waziwazi, lakini inaongea kwa sauti ya mtu aliyepona taratibu.

Samenai ya mwaka 2016 ina jina zuri: kutolevuka, kutoamka kutoka ndotoni. Wimbo wa kwanza unahusu mtu aliyelewa roki utotoni na mpaka leo pombe haijamtoka. Mikke ya 2019 ni neno la watoto, kile wanachopiga kelele wakikiona kitu kilichofichwa: nimekiona! Ya 17 ni Himitsu Studio, studio ya siri, ya Mei 2023. Walikuwa wameshagonga miaka 55 na bado kuna nyimbo humo zinazokimbia.

Kuna nyimbo ambazo hazimo kwenye albamu yoyote?

Zipo, na baadhi ni bora kuliko za upande wa kwanza. Zile za upande wa pili wa singo wamezikusanya wenyewe kwa awamu. Kachōfūgetsu ya Machi 1999, jina la kale lenye maana ya ua, ndege, upepo na mwezi, ndiyo ya kutafuta kwanza. Humo mna Ore no Subete, uliokuwa mgongoni mwa Robinson, na Neko ni Naritai, "natamani kuwa paka", uliokuwa nyuma ya Aoi Kuruma. Pia mna Ai no Shirushi, ambao Kusano aliwatungia Puffy, wale wasichana wawili, na wakavuma nao mwaka 1998. Hapa anauimba mwenyewe.

Iroiro Goromo ya 2004 ikameza zilizofuata, pamoja na zile tatu za CD yao fupi, 99ep. Orutana ya 2012 ina pia nyimbo za watu wengine walizozirudia. Na ile CD ya 1990 iliyokuwa ikiuzwa kwa bei za kichaa? Mwaka 2021 waliitoa upya Kachōfūgetsu ikiwa na alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina, na nyimbo za 1990 zilizokuwa hazijarudi zikatiwa humo. Usimlipe mtu dola mia kadhaa kwa ajili ya kusikia tu.

Nimeona CD zao ndogo, ndefu, kama bahasha. Ni za kweli?

Ni za kweli. Japani kuanzia mwaka 1988 singo zilitoka kwenye CD ya sentimita 8, ndani ya kasha la karatasi jembamba na refu. Kasha hilo wanaliita tanzaku, jina la vile vipande vya karatasi ambavyo Wajapani huandika matakwa yao na kuvitundika kwenye mianzi siku ya Tanabata, tarehe 7 Julai. Sasa tazama: singo ya Namida ga Kirari☆, ile iliyofuata Robinson, ilitoka tarehe 7 Julai 1995, na ina nyota kwenye jina lake. Nilipoigundua hiyo nilikaa na ile karatasi mkononi kwa muda.

Onyo, kutoka kwa aliyeonja. CD ya sentimita 8 inakaa vizuri kwenye mashine yenye sinia, ile inayotoka nje kama droo. Katikati ya sinia kuna duara dogo la kuipokea. Usiitie kwenye redio ya gari inayomeza CD kwa mdomo. Mimi niliitia. Ilimezwa, ikakwaruza ndani mara mbili, kimya. Fundi wa redio akafungua dashibodi yote juani, skrubu akizipanga juu ya boneti, akaitoa kwa koleo, akaitazama, akaniuliza kama ni ya watoto. Ilitoka na mkwaruzo mmoja. Inapiga, ila kiitikio cha pili kinaruka.

CD za Kijapani mbona ghali hata kwao?

Huko sheria inaruhusu kampuni kupanga bei ya rejareja ya muziki na maduka yote yaifuate, kwa hiyo albamu mpya huwa karibu yeni 3,000 popote uendapo. Za mitumba ndizo nafuu. Kile kipande cha karatasi kinachozunguka kasha upande wa kushoto kinaitwa obi, kama mshipi wa kimono. Ukiagiza, uliza kama kipo. Wakusanyaji hawataki CD iliyo "uchi".

Wamewahi kuimba kwenye anime, zile katuni za Kijapani?

Jibu zuri zaidi ni kwamba anime imezaliwa kutoka kwao. Chica Umino alipoipa katuni yake jina Hachimitsu to Clover, aliunganisha majina ya albamu mbili: Hachimitsu ya Spitz na Clover ya Suga Shikao. Ilipofanywa anime mwaka 2005, nyimbo za wasanii hao wawili zikawekwa ndani yake, na filamu ya watu halisi ya mwaka 2006 ikapewa wimbo mpya wa Spitz, Mahō no Kotoba.

Kwa mashabiki wa Conan, yule mpelelezi wa katuni: wimbo wao Utsukushii Hire ndio wa filamu yake ya mwaka 2023. Hire ni pezi la samaki, na filamu yenyewe inahusu nyambizi.

Sijui Kijapani. Nitaimbaje?

Wewe Mswahili umebarikiwa kuliko Mwingereza. Irabu zao ni zetu, a e i o u, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ho-shi-no-ka-ke-ra: msomeshe mtoto wa darasa la kwanza Tandika, atatamka sawa. Angalia mambo matatu tu. Irabu yenye mstari juu ivute mara mbili. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, kama kwenye Mikke, ziba pumzi kidogo kabla ya kuitoa. Na usikazie silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea, fuata muziki.

Tahadhari ya maneno ya uongo: ukisikia "hana" usimhurumie mtu, ni ua. "Kuni" ni nchi. "Kasa" ni mwavuli.

Mashairi yenyewe yanasema nini? Yanasikika ya mapenzi tu.

Kusano amewahi kusema kwamba mada zake ni mbili, ngono na kifo. Watu hucheka, wanadhani ni utani, kisha wanarudi kusikiliza.

Chukua Aoi Kuruma, gari la buluu, singo ya 1994. Muziki wake ni wa asubuhi ya Jumapili, madirisha wazi, mnakwenda baharini. Lakini ubeti unaanza na mkono wa baridi kwenye shingo ya mpenzi, na mashabiki wa Japani wamebishana kwa miaka: hawa wawili wanakwenda kuogelea, au wanakwenda kufa? Maneno yanaruhusu yote mawili. Muziki hautoi hata dokezo. Mimi niliuimba miezi mitatu nikienda kazini kabla sijaletewa tafsiri.

Najifunza gitaa. Upi rahisi?

Cherry. Nusu ya wanafunzi wa gitaa Japani wameanzia hapo. Ubeti ni C, G, Am, Em, F, C, F, G, kisha unarudia. F itakuuma kidole cha shahada kwa wiki mbili, vumilia. Ukishaweza ndipo utagundua kwamba kodi ni nyepesi na kuimba ndiko kugumu: kiitikio kinapanda. Teremsha ufunguo, hakuna polisi.

Robinson uache kwanza. Yale madonoo ya Miwa yanasikika kama mchezo, hayana msamaha.

Unaazimisha CD zako?

Hapana.